Usiseme "Ninyi" Pale Unapotaka Kusema "Wewe"

Mazungumzo ya redio juu ya amani, kwa familia zilizohama makwao, komite za kambi, na wazee wa vijiji na kartie. Yameandikwa hapa kama yalivyosemwa.

Leo sitasema juu ya wenye bunduki. Habari zao mnazisikia kila asubuhi. Leo nataka kusema juu ya mkutano wenu ninyi wenyewe, ule mnaokaa chini ya mti au mbele ya kibanda cha komite, siku ya listi, siku ya maji, siku ya kugawa maturubai. Nataka tuangalie namna mtu na mtu wanavyogombana pale, na namna ugomvi huo unavyokua.

Chukueni mkutano mmoja kama mfano. Si wa kambi fulani. Ni mfano tu, lakini naamini wengi mtausikia kama vile mlikuwepo. Listi ya chakula imesomwa, majina yamekwisha. Mama mmoja anasimama, mtoto mgongoni. Anasema: "Mzee, jina langu silisikii. Niliandikishwa siku moja na jirani yangu huyu, na yeye ameitwa."

Hilo ni swali. Majibu yake yanaweza kuwa matatu au manne: jina limeandikwa vibaya, au karatasi moja imebaki kwa shirika, au mama aliandikwa katika mstari mwingine wa nyumba, au mtu amelifuta ili aweke la ndugu yake. Kila moja linaweza kuchunguzwa kwa kalamu na daftari kabla ya jua kuzama.

Lakini mzee wa komite amechoka. Tangu saa kumi na mbili asubuhi watu wanamuuliza, na kwa kazi hiyo halipwi hata franka moja. Anajibu: "Mama, unataka kusema mimi ni mwizi?" Angalieni vizuri: mama hakusema mwizi. Neno hilo limetoka kinywani mwa mzee mwenyewe, na sasa limekaa katikati ya watu. Mama naye ana njaa, na njaa haina subira. Anasema: "Kama si mwizi, mbona bibi yako ana jetoni mbili?" Hapo ile karatasi imekwisha kusahauliwa. Tulikuwa kwa jambo, sasa tuko kwa mtu. Na kabla hatujapumua, sauti inatoka nyuma, mara nyingi ya kijana ambaye hata hahusiki na listi ile: "Waache hao! Ninyi watu wa kule ndivyo mlivyo, hata nyumbani mlikuwa hivyo."

Hesabuni pamoja nami. Tulianza na jina moja lililokosa kwenye karatasi. Tukaenda kwa mtu mmoja. Tukafika kwa watu maelfu ambao hawakuwa mkutanoni, wengine wao watoto wachanga, wengine wamekwisha kufa. Yote hayo katika dakika tatu.

Ndugu zangu, katika Kiswahili chetu mlango wa vita ni mwembamba sana. Ni ile hatua ya kutoka "wewe" kwenda "ninyi". Sisemi ile "ninyi" ya heshima, maana wengi wetu tunamwambia mzee mmoja "mumeamkaje?" na hilo ni jambo jema, tuliendeleze. Nasema ile "ninyi" inayomfungia mtu mmoja pamoja na kabila lake lote, na kijiji chake, na wazazi wake, katika kosa moja ambalo hata halijathibitishwa.

Sisi wa Ituri tumekwisha kulipia somo hili, na bei yake inajulikana. Mwaka 1999, mwezi wa sita, katika Walendu-Pitsi, teritwari ya Djugu, jambo lililoanza lilikuwa la mashamba. Watu wachache wenye mashamba makubwa walishitakiwa kwamba wanawahonga wakubwa ili karatasi za ardhi zibadilishwe na mipaka ipanuliwe. Nasema wachache, majina yao yangeenea katika ukurasa mmoja wa daftari la shule. Na watu wa vijijini walikuwa na sababu ya kuogopa karatasi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inakipa cheti cha uandikishaji nguvu kubwa. Miaka miwili ikipita bila mtu kukipinga mbele ya tribinali, ni vigumu sana kukigusa tena, hata kama wewe umezaliwa juu ya shamba lile na baba yako amezikwa pale. Na mwanakijiji atajuaje kwamba cheti kimetolewa? Mara nyingi anajua siku anapoambiwa ahame.

Kwa hiyo jambo lilikuwepo, tena zito. Sisemi watu walikasirika bure. Nasema kwamba lilikuwepo swali ambalo mtu mmoja angeweza kuulizwa na kulazimishwa kulijibu: "Bwana fulani, karatasi hii ulipewa na nani, tarehe gani, na nani alikuja kupima?" Swali hilo liliachwa. Upande mmoja ukasema "ninyi", upande wa pili ukajibu "ninyi", na wale waliokuwa wakitafuta vyeo na dhahabu, wa hapa kwetu na wa ng'ambo ya mpaka, wakakuta moto umewashwa tayari, wakaleta petroli. Kutoka 1999 mpaka 2003 mashirika ya haki za binadamu yalikadiria waliouawa kuwa zaidi ya 50,000. Waliokimbia walihesabiwa kwa mamia ya maelfu.

Mahakama ya kimataifa kule La Haye ilimtia hatiani Thomas Lubanga mwaka 2012, Germain Katanga mwaka 2014, Bosco Ntaganda mwaka 2019, kila mmoja kwa makosa yake. Ni vizuri. Lakini katika hukumu hizo zote hamtakuta mstari unaoamua kwamba shamba fulani la Walendu-Pitsi ni la fulani. Haikuwa kazi ya mahakama ile. Swali la kwanza lilibaki pale pale lilipoachwa, na mwezi wa kumi na mbili mwaka 2017 Djugu ikawaka tena.

Mtaona sikutaja jina la kabila. Wengine watasema ni woga. Mimi naona ni usahihi tu: waliotaka kubadilisha zile karatasi hawakuwa kabila, walikuwa watu wenye majina.

Sasa turudi chini ya mti wetu. Nani anaweza kuzuia zile dakika tatu?

Wa kwanza ni yule anayeongoza mkutano, na silaha yake ni kurudia swali. Mama akisema jina lake halipo, mwenye kuongoza asijibu kwanza. Arudie kwa sauti: "Mama anauliza jina lake liko wapi, kwa sababu aliandikishwa siku moja na jirani yake. Ndivyo, mama?" Mama atasema ndiyo. Mwandishi aandike swali na tarehe, na asome alichoandika. Haichukui dakika moja. Mtu aliyeona swali lake limeandikwa hana tena haja ya kupiga kelele ili asikiwe, na mzee wa komite amepata nafasi ya kupumua kabla ya kujihami. Nawaambia viongozi wengi hawapendi jambo hili kwa sababu linaonekana kama kupoteza wakati. Wakati unaopotea ni ule wa kupatanisha familia mbili mwezi mzima kwa neno lililosemwa katika mkutano wa nusu saa.

Wa pili ni yule aliyesikia neno baya. Hapa nasema na wewe, mama, na wewe, kijana, na wewe, mzee uliyeitwa mwizi. Usijibu ulichosikia kabla ya kuuliza kama ndicho kilichosemwa. "Umesema nimeiba, au umesema listi ina kosa?" Mara nyingi mwenzako atarudi nyuma hatua moja, kwa sababu umempa mahali pa kurudi. Asiporudi, akasema ndiyo, umeiba, basi hilo si neno la kujibiwa kwa matusi. Ni mashitaka, na mashitaka yana njia yake, nitafika huko.

Na yule kijana wa nyuma? Yeye asijibiwe hotuba juu ya umoja wa Kongo. Aulizwe maneno machache: nani, lini, kitu gani? "Umesema watu wa kule. Taja mmoja. Alifanya nini, siku gani?" Akiwa na jina na siku, basi ana malalamiko juu ya mtu mmoja, yaandikwe kama mengine. Akiwa hana, akae. Msimfukuze, msimpige. Kijana aliyefukuzwa mkutanoni anaweza kwenda kutafuta mahali pengine pa kusikilizwa, na sote tunajua mahali pengine hapo pana nini mkononi.

Ugomvi ukishakuwa wa watu wawili, utolewe mkutanoni. Mkutano ni wa listi na maji. Hauwezi kupima heshima ya mtu huku watu mia mbili wakicheka na kuzomea. Kila mmoja achague shahidi mmoja. Nami naomba msichague yule atakayewapendeza, chagueni yule anayeweza kuwaambia, "Hapa umekosa, ndugu yangu." Wakae siku ile ile, au kesho yake, wasikae wakati mmoja wao amekunywa. Na waanze hivi: kila mmoja aseme kwanza maneno ya mwenzake, mpaka mwenzake akubali, "Ndiyo, ndivyo nilivyosema." Ndipo aseme yake. Ni kazi ngumu. Nimesoma sheria miaka mitano, nami naona kumlazimisha mtu aliyekasirika arudie maneno ya adui yake bila kuyapindua ni kugumu kuliko kuandika hukumu. Lakini mara nyingine ugomvi unakwishia hapo hapo, kwa sababu mtu anagundua kwamba alichosikia hakikusemwa.

Wakipatana, kuna jambo moja ambalo komite nyingi zinalisahau. Tusi lililotupwa hadharani haliwezi kufutwa chumbani. Mzee aliyeitwa mwizi mbele ya watu mia mbili, akasafishwa kibandani mbele ya watu watatu, bado ni mwizi kwa wale wengine wote. Mkutano unaofuata uanze na neno hilo, fupi, bila kumwaibisha aliyekosa: "Wiki iliyopita yalisemwa maneno juu ya mzee. Tumechunguza daftari. Jetoni ya pili ilikuwa ya shemeji yake mgonjwa, nayo imeandikwa. Mama amekubali, na mzee amekubali kwamba alijibu vibaya." Basi, mwende kwenye listi.

Sasa sheria inasema nini? Mnauliza sana jambo hili, na wengine wanalitumia kuwatisha wenzao, kwa hiyo nitalieleza polepole. Kitabu cha sheria za adhabu cha nchi yetu, kilichotoka kwenye amri ya tarehe 30 Januari 1940, kina kifungu cha 74 na cha 75. Cha 74 kinamhusu anayemtwika mtu, kwa ubaya na hadharani, jambo lililo wazi ambalo linaharibu heshima yake au kumfanya adharauliwe na watu. Adhabu yake ni kifungo cha siku 8 mpaka mwaka mmoja, na faini, au moja kati ya hizo mbili. Cha 75 kinamhusu anayemtukana mtu hadharani: siku 8 mpaka miezi miwili, na faini, au moja kati ya hizo mbili. Tena walimu wetu wa sheria wanafundisha kwamba kwa kifungu cha 74 haitoshi kusema "lakini ni kweli". Unaweza kusema kweli, ukaisema mahali pasipo pake, kwa nia ya kumwangusha mtu, ukajikuta wewe ndiye mbele ya tribinali.

Juu ya "ninyi" kuna amri nyingine, ile ya tarehe 7 Juni 1966, inayoadhibu ubaguzi wa rangi na wa kabila. Mwenye kuwachochea watu wachukie kabila fulani, kwa maneno, kwa maandishi au kwa ishara, anafanya kosa la jinai. Na Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 66, inamwekea kila Mkongomani wajibu wa kumheshimu mwananchi mwenzake na kumtendea bila ubaguzi, kwa heshima na uvumilivu wa pande zote.

Lakini ninyi wazee wa komite na machifu, msishangilie mapema. Naona wengine mmekwisha kukiandika kifungu cha 74 mkononi. Kifungu hicho kinadai ubaya. Mama anayeuliza jina lake liko wapi hana ubaya, ana mtoto mgongoni. Mtu anayesema katika mkutano, "Magunia yalishushwa 40, yakagawiwa 36, tunaomba kujua manne yako wapi," hajamtukana mtu. Ameuliza hesabu, na haki yake ya kusema iko katika Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 23. Haikupotea njiani alipokimbia. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 juu ya watu waliohama makwao ndani ya nchi yao zinasema wazi, katika kanuni ya 22, kwamba hata aliye kambini anabaki na uhuru wa kutoa maoni na haki ya kushiriki sawa na wengine katika mambo ya jamii. Na kanuni ya 18 inataka wanawake washiriki kamili katika kupanga na kugawa chakula na mahitaji mengine ya lazima. Mama anaposimama na kuuliza, haleti fujo.

Nasisitiza hapa kwa sababu kuna amani ya uongo, na wengi wenu mnaijua. Ni ile ambayo kila anayeuliza anaambiwa, "Usilete mgawanyiko." Mkutano unanyamaza, kiongozi anafurahi, anaandika katika ripoti kwamba kambi ni tulivu. Maneno yamehamia kwenye robine, kwenye foleni ya bidoni, na huko hakuna mwandishi, hakuna wa kurudia swali, hakuna shahidi. Mimi napenda mkutano wenye kelele kidogo kuliko ukimya wa namna hiyo.

Kwa wale mnaokaa katika familia, si kambini, nina neno fupi. Kwenu hakuna mwenyekiti wala daftari, na ugomvi ni wa chumvi, kuni, na mtoto aliyempiga mtoto. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Lakini aliyekimbia vita atalima wapi? Na mwenye nyumba naye chumvi yake inakwisha, hilo si uchoyo. Wawekeni wazi mapema, mwenye nyumba na mgeni wake, mkiwa bado mnacheka pamoja: kuni nani anakata, maji nani anachota, watoto wakipigana nani anawaonya. Na mgeni akiudhiwa, amwambie mwenye nyumba mwenyewe, kwa jina lake, baba fulani au mama fulani. Asiende kuwaambia wenzake wa kambini kwamba "wenyeji wa hapa" ni watu wabaya.

Nilisema mashitaka yana njia yake. Kuna mambo ambayo mashahidi wawili chini ya mti hawana ruhusa ya kuyamaliza. Kuua, kujeruhi vibaya, kubaka: hayo ni ya polisi na parke. Juu ya ubakaji, sheria za tarehe 20 Julai 2006 zinasema wazi kwamba hata mtu akilipa faini ya maelewano, kesi haifi. Kwa hiyo mzee anayepokea mbuzi kwa ajili ya msichana aliyebakwa, akasema amepatanisha familia, hajapatanisha kitu. Amemwuza msichana, na kesi bado iko hai. Wizi wa chakula cha watu nao, kama daftari linaonyesha wizi, upelekwe kwa shirika lililoleta chakula na kwa polisi, kwa maandishi, yenye tarehe, hesabu na majina ya walioona. Msiupeleke sokoni. Anayepeleka kwa nia njema kile alichokiona kwa macho yake hana cha kuogopa. Anayemzulia mwenzake uongo mbele ya wenye mamlaka, sheria hiyo hiyo ya adhabu inamngoja.

Limebaki swali moja, na mnaliuliza kila mara: tufanyeje kama anayelalamikiwa ni mwenye kiti mwenyewe? Jibu ni kwamba kwa jambo hilo moja aondoke kitini. Hajahukumiwa, hajafukuzwa, ametoka tu katikati ya swali linalomhusu, kama vile hakimu anavyopaswa kuiacha kesi ya ndugu yake. Mwingine aongoze, afadhali mtu asiye wa ukoo wake na asiye wa ukoo wa anayelalamika. Mwenye kiti akae pamoja na watu, asikilize, ajibu akiulizwa, na daftari lishikwe na mtu wa tatu mpaka hesabu iishe. Komite iandike kanuni hii sasa, wakati hakuna anayelalamikiwa, na kila mjumbe aweke sahihi yake au kidole chake. Siku ya ugomvi itakuwa vigumu kumwomba mtu asimame kutoka kwenye kiti chake, lakini mnaweza kumwonyesha alama ya kidole chake mwenyewe.